Gawaneni matuta, msigawane hatua: siku ya bustani na binti mtu mzima

Watu wawili wazima wakianza kazi saa tatu asubuhi na kuacha saa kumi jioni, wana kama saa tano za bustani. Zilizobaki huishia kwenye chai, chakula cha mchana, kuutafuta mkasi uliokuwa hapa sasa hivi, na maongezi ya kusimama huku mpini wa jembe umeegemewa. Kwa saa hizo tano wataandaa na kupanda matuta mawili ya mita 3 kwa mita 1.2, watapogoa vichaka viwili au vitatu vya maua, basi. Anayepanga matuta sita kwa kuwa "leo tupo wawili" atafika jioni na matuta sita yaliyochokonolewa nusunusu, miche imelala kwenye trei, na binti anaiangalia saa maana bado ana safari ya kurudi kwake. Majira ya kuchipua yana mtego huu kuliko majira mengine yote: baridi imewafungia watu ndani kwa miezi, na jua la kwanza likitoka kila kazi inadai ifanywe leo.

Kwa aliye mahali pasipo na majira ya baridi, siku hii ni ile ya mwanzo wa mvua. Aruke yanayohusu jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu. Mengine yanamhusu vilevile.

Tabu ya kwanza ni tarehe. Binti mwenye kazi yake na nyumba yake hutaja siku wiki mbili kabla, na udongo haujui ahadi hiyo. Upime siku mbili kabla hajafika. Chimba hadi sentimita 10, chota udongo kiasi cha kujaza kiganja, ufumbate kwa nguvu, kisha ulibonyeze lile donge kwa kidole gumba. Likimeguka, udongo uko tayari. Likibonyea tu bila kuvunjika, au likikuachia vidole vinavyong'aa maji, bado. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa katika hali hiyo chembe zake hugandamana na matundu ya hewa huziba. Jua likiwaka unabaki na mabonge ambayo reki haiyawezi msimu mzima, na watu wawili wenye bidii wataharibu mara mbili ya mmoja.

Dawa yake ni nailoni. Wiki moja au mbili kabla, funika matuta mtakayopanda ili mvua isiyafikie; yatakauka na kupata joto mapema kuliko yaliyo wazi. Kama hata hivyo bado ni mabichi, siku isifutwe. Kupogoa, kuosha vyungu, kuchekecha mboji, kunoa majembe, kusia mbegu kwenye trei, kukaza fremu za mimea inayotambaa: kazi hizo hazigusi matuta na zinajaza siku vizuri tu.

Halafu joto. Chomeka kipimajoto cha udongo sentimita 10 chini, asubuhi, siku tatu mfululizo. Nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinatosha kwa karoti, figili, letasi, njegere na spinachi, ingawa karoti zitajivuta. Maharage yanataka 15 au zaidi; kwenye udongo wa baridi mbegu hunyonya maji, ikavimba na kuoza kabla ya kuota. Nyanya zinataka 15 pia, usiku usioshuka chini ya nyuzi 10, na jalidi ya mwisho iwe imepita. Hapa nachukulia siku ya mwishomwisho wa majira, ambapo karoti na nyanya zinaweza kuingia ardhini siku moja. Binti akija mapema zaidi, tuta la nyanya liandaliwe na kufunikwa, miche ibaki ndani.

Miche iliyolelewa dirishani izoeshwe nje kwa siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza ikae muda wa saa mbili tu kivulini, pasipo upepo; kisha muda uongezwe kila siku, lianze jua la asubuhi, usiku wa nje uwe wa mwisho. Ule unaotoka dirishani moja kwa moja hadi tutani hubabuka majani, ukapata mabaka meupe yaliyokauka, na ukasimama bila kukua kwa wiki nzima au zaidi. Hii ni kazi ya mwenye bustani, ifanywe kabla. Usimngojee mgeni.

Sasa siku yenyewe. Wengi hugawana hatua: mzazi anachimba shimo, binti anampa muche, mzazi anafukia, binti anamwagia maji. Huonekana njia ya haraka, lakini inamrudisha binti kwenye umri wa miaka tisa. Anasimama akingoja. Anauliza, "Mama, hii niiweke wapi?", anajibiwa, anauliza tena, na kila jibu linamfanya mmoja nyapara na mwingine kibarua. Mtu wa miaka thelathini, anayeongoza wenzake kazini, huvumilia hayo kama saa moja. Baada ya hapo simu yake inaanza kuwa na mambo ya muhimu.

Gawaneni matuta. Hili lako, lile langu, kuanzia palizi hadi kibao cha jina. Yeye achague cha kupanda, apime nafasi, aamue mistari iende kwa urefu au kwa upana. Matuta yawe jirani, na njia ya sentimita 50 katikati ipitishe ndoo na goti, ili msemezane kwa sauti ya kawaida. Upana wa mita 1.2 unatokana na mkono wa mtu: kwa aliyepiga magoti, mkono hufika sentimita 60 bila kujinyoosha, basi kutoka pande mbili katikati panafikika na hakuna anayekanyaga tuta. Kwa mfupi, au mwenye tumbo la ujauzito, punguza hadi sentimita 90.

Na tuta lake lisiwe lile bovu. Desturi ya kumpa mgeni kona yenye kivuli "ajaribu jaribu" ni mbaya, kwa sababu mbegu zikikataa atadhani ni mkono wake. Mpe tuta linalopata jua saa sita au zaidi kwa siku. Wewe mwenye uzoefu hangaika na kona.

Palizi ije kwanza. Magugu ya msimu mmoja yanakatwa kwa jembe usawa wa udongo na kuachwa juani yanyauke, mradi hayajatoa mbegu. Yale yanayotambaa chini, kama sangari, yanataka uma wa bustani, maana sepeto inaukata mzizi vipande na kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Ndago nayo ina vinundu vinavyobaki chini ukiivuta kwa pupa. Uma uchomekwe kando ya shina, udongo uinuliwe, kisha vidole viufuate mzizi ule mweupe polepole mpaka ncha yake, bila kuuvuta kwa nguvu. Mkono mmoja unavuta, mwingine unapekua udongo mbele yake. Ukikatika, unasikia mlio mdogo wa "tap", na hapo unarudi na uma kuitafuta ile nusu ya pili.

Hii ndiyo kazi ya kuanzia siku kwa watu ambao hawajaonana miezi. Ni ya polepole, haina kelele, na macho ya wote yako chini. Yapo mambo ambayo binti mtu mzima hayatoi akikalishwa mezani na kuulizwa "haya, niambie, mambo yakoje?", lakini huyasema yakiwa yamechanganyika na mzizi wa sangari. Akianza, usisimame, usigeuke kumtazama, na usiache kupalilia. Jibu fupi linatosha. Ukiiacha kazi ili umsikilize vizuri, umeyageuza maongezi kuwa kikao.

Baada ya palizi, legeza udongo kwa uma bila kuupindua. Meno yazame sentimita 20 hadi 25, vuta mpini nyuma mpaka udongo upasuke, chomoa, rudi nyuma sentimita 15, rudia. Kuupindua kunaleta juu mbegu za magugu zilizolala chini zikingoja mwanga. Kisha tandaza mboji unene wa sentimita 3. Tuta la mita 3 kwa 1.2 lina mita za mraba 3.6, kwa hiyo linahitaji lita 108, yaani ndoo tano na nusu za lita 20. Hesabuni ndoo. Mkikadiria kwa macho, wa kwanza hujipimia kwa ukarimu na wa pili huambulia nusu. Ichanganyeni juu juu kwa reki, inayobaki nyungunyungu ataishusha.

Samadi mbichi isikaribie tuta la karoti: mizizi hugawanyika miguu miwili mitatu. Tena, kwenye mboga ya kuliwa mbichi, samadi hiyo inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Iliyoiva inajulikana: lundo halina joto tena katikati, harufu kali imekwisha, na nyasi zilizokuwamo hazitambuliki.

Kuna kazi chache ambazo kanuni ya kugawana matuta haizihusu, na ni vizuri ziachwe zingoje mikono minne. Ya kwanza ni kukaza kamba ya mistari, mmoja kila ncha, wote wakipima kutoka ukingo uleule wa tuta. Mmoja akipima kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia, mstari hutoka mshazari. Ya pili ni nguzo. Nguzo za nyanya, urefu wa mita 1.8, zizame sentimita 40, na zisimikwe kabla ya kupanda; ukizigongea baadaye unapasua mizizi usiyoiona. Mmoja anashika na kuangalia wima, mwingine anagonga. Anayeshika ashike chini kabisa, mbali na kichwa cha nguzo, na uso augeuze pembeni.

Ya tatu ni kugawa maua ya kudumu yaliyokuwa kichaka kikubwa kiasi cha kufa katikati. Yanayochanua mwishoni mwa majira ya joto ndiyo ya kugawa sasa, machipukizi yakiwa na urefu wa sentimita 5 hadi 10. Chimbeni pande zote, mkiinue kichaka kizima, kisha uma mbili zichomekwe katikati yake mgongo kwa mgongo. Kila mmoja anashika mpini wake na kuusukuma kuelekea kwa mwenzake, halafu kuuvuta kwake, mpaka meno ya chini yaachane na kichaka kipasuke. Kinapasuka ghafla, kwa hiyo simameni imara. Kiini cha katikati, kigumu kama kuni, kitupwe; vipande vya pembeni vyenye machipukizi matatu hadi matano ndivyo vya kupanda, na siku hiyohiyo, kabla mizizi haijakauka. Kichaka kimoja hutoa vinne au zaidi. Binti ana haki ya kuondoka na viwili.

Nyanya zina jambo moja linalozitofautisha na karibu mboga nyingine zote za bustani: shina lake likifukiwa linatoa mizizi. Kwa hiyo muche mrefu uliokonda dirishani haujaharibika. Chuna majani ya chini, ubakize kishungi cha juu, na ufukie shina lote lililo tupu. Kama ni refu sana, chimba mfereji wa sentimita 10, ulaze shina, kisha upinde ncha kwa upole ielekee nguzoni. Jua litaunyoosha lenyewe kwa siku mbili tatu. Kuupinda kwa nguvu ili usimame leo kunavunja shina. Mwagilia chungu saa moja kabla ya kutoa muche ili udongo ushikamane, na ushike jani wala usishike shina, kwa sababu jani likichanika lingine litaota.

Kwenye tuta la mita 3, mistari miwili iliyoachana sentimita 60, muche wa kwanza sentimita 25 kutoka ncha na mingine kila baada ya sentimita 50, inaingia miche 12. Kila mmoja unywe lita moja na nusu ya maji taratibu, mwagio mmoja wa kwanza kabla ya kufukia na mwingine baadaye. Matandazo ya nyasi kavu yangoje udongo upate joto. Ukiyaweka mapema, unaihifadhi baridi. Yakishawekwa, yanasaidia kuondoa tatizo linalowachanganya wengi: tunda kuoza kitako. Watu hukimbilia kuongeza chokaa, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Kilichokosekana ni maji ya kuipeleka hadi kwenye tunda. Ukavu wa siku kadhaa ukifuatwa na gharika la ndoo nzima ndio unaoleta doa lile jeusi.

Adui wa wiki ya kwanza ni sota, kiwavi anayejikunja mchana udongoni na usiku akaukata muche usawa wa ardhi. Unaukuta asubuhi umelala, umekatwa safi. Zungushia kila shina pete ya karatasi ngumu, kimo sentimita 8, sentimita 3 zikiwa zimezama. Gombo moja la ndani la karatasi ya chooni linatosha muche mmoja.

Binti ambaye hapandi kila siku hupenda karoti, nami siwezi kumkataza, ila karoti ndiyo mbegu inayowakatisha tamaa wageni. Haihamishwi, inapandwa pale itakapokomaa. Mistari mitano yenye sentimita 20 kati yake inajaza tuta. Mfereji uwe na kina cha sentimita 1 tu, umwagiliwe kwanza, kisha mbegu zilizochanganywa na mchanga mkavu zinyunyizwe kwa vidole, na kufunikwa kwa udongo uliochekechwa. Zinachukua wiki moja hadi tatu kuota, na ndani ya muda huo ngozi ya juu ya udongo ikikauka hata siku moja ya jua kali, chipukizi linakufa bila kuonekana. Mtu husema mbegu zilikuwa mbovu. Lazeni ubao au gunia bichi juu ya mstari, na kuanzia siku ya tano funueni kila asubuhi; zikionekana nyuzi za kijani, kifuniko kiondoke siku hiyohiyo. Mbegu chache za figili zikichanganywa humo huota mapema, huonyesha mstari uko wapi ili jembe la palizi lisiupitie, na huvunwa kabla karoti hazijahitaji nafasi.

Kuhusu kusahihisha. Kuna makosa ya kusemwa papo hapo na makosa ya kuachwa, na mzazi anayeyachanganya ndiye anayeiharibu siku. La kusemwa ni lile lisilorudishika: kukanyaga tuta lililolegezwa, kutia mbolea ya dukani shimoni ikaigusa mizizi, kufukia kitovu cha letasi au stroberi, pale majani yanapochipukia, kukata kichaka ambacho kina machipukizi ya maua tayari. Sema kuhusu mmea, sentensi moja na sababu yake: "Kitovu cha stroberi kikifukiwa kinaoza." Usiongeze neno. Mstari uliopinda, letasi zilizoachana sentimita 20 badala ya 25, figili zilizomwagwa nyingi mno, hayo mwachie. Letasi zitakuwa ndogo kidogo na figili ataziona mwenyewe.

Upande wa pili upo pia: binti anaweza kuja na mbinu asizozijua mzazi. Anasema udongo usiguswe kabisa, mboji imwagwe juu na kupandwa humohumo. Msibishane, mna matuta mawili. Aina moja ya mbegu, siku moja, maji kiasi kilekile, tofauti iwe moja tu, kutifua na kutotifua. Mkibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mavuno hayatawaambia lolote.

Kupogoa kuje mchana, mikono ikiwa imechoka na jembe. Kwanza jiulizeni kichaka kinachanua lini. Kinachochanua mwanzoni mwa majira haya kimebeba maua kwenye matawi ya mwaka jana, kwa hiyo kinakatwa baada ya kuchanua. Waridi nyingi zinachanua kwenye matawi mapya, na hizo zikatwe sasa: yaliyokufa, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Mkato uwe wa mshazari, milimita 5 juu ya jicho, yaani kichipukizi, linalotazama nje. Kata juu sana, kisiki kinakauka na kuoza kurudi chini. Karibu sana, jicho linakufa. Mkasi ufutwe kwa spiriti kila unapotoka kwenye tawi lenye ugonjwa.

Mgongo. Badilisheni kazi kila nusu saa, za kuinama na za kusimama, na msingojee maumivu ndiyo yawakumbushe. Mzazi mara nyingi ndiye anayejikaza asionekane amechoka, kisha analala siku mbili. Mpini wa reki ufike karibu na kidevu cha anayeitumia, na kama mmepishana urefu, kila mtu awe na wake. Udongo hubeba vijidudu vya pepopunda, na katika nchi kadhaa chanjo ya mtu mzima huongezwa kila baada ya miaka 10. Mwiba wa waridi unatosha kuviingiza. Binti akiwa mjamzito avae glovu na anawe vizuri, kwa sababu kinyesi cha paka udongoni huweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Akiishi ghorofani na akataka muche wa nyanya wa kuondoka nao, mpe aina fupi na umwambie ukweli kuhusu chungu: lita 15 hadi 20, chenye matundu chini, na kimo cha kutosha kufukia shina. Kokoto za chini hazisaidii maji kutoka. Zinachukua tu nafasi ya mizizi, na maji hukaa juu yake vilevile. Muche umwagiliwe saa moja kabla ya safari, uwekwe kwenye boksi lenye magazeti yaliyofinyangwa pembeni usiyumbe, na usifungiwe ndani ya gari lililo juani, ambamo huiva kwa muda mfupi. Vipande vya maua ya kudumu vifungwe kitambaa kibichi kwenye mizizi, na nailoni juu yake bila kubanwa.

Kabla hajaoga, andikeni vibao. Penseli hudumu msimu mzima. Kalamu ya wino hufutwa na jua. Jina la aina, tarehe, na herufi ya aliyepanda. Picha moja ya kila tuta kutoka mahali palepale inasaidia baadaye mtakapobishana kama njegere zilikuwa upande huu.

Akishaondoka, tuta lake unalimwagilia, hulipangi upya. Mstari uliopinda unabaki umepinda. Mwarifu kitu kikitokea: miche iliyosinyaa shingo kwa kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, sota aliyepitia pete iliyolegea, konokono. Ziara ya pili ipangwe kwa mimea: miche ya karoti hupunguzwa pale majani yanapofika sentimita 5, ambayo huwa kama wiki ya tano au ya sita tangu kusia, zibaki na nafasi ya sentimita 4. Wakati huohuo nyanya zinataka kufungwa nguzoni na kuondolewa vichomozo vya pembeni kabla havijazidi sentimita 5, kwa hiyo wote wawili mtakuwa na kazi. Akichelewa wiki moja, karoti hazidhuriki. Akichelewa tatu, zitakuwa zimesongamana kiasi kwamba ukivuta moja jirani yake inafuata. Hapo mwagilieni tuta kwanza, au zinazozidi mzikate kwa mkasi usawa wa udongo badala ya kuzing'oa.